Jina Kitabuni, Sauti Nje: Arzuhali ya Wamaasai na Wajibu wa Msomaji

Atokaye Nairobi kwa barabara ya Magadi huvuka mto Mbagathi, na punde tu baada ya kuvuka huwa amekwisha ingia Ongata Rongai, katika Kaunti ya Kajiado. Jina hili ni la Kimaasai, na maana yake ni uwanda mwembamba. Uwanda wenyewe siku hizi ni shida kuuona: umefunikwa na nyumba za ghorofa za kupangisha, makanisa, maduka ya vifaa vya ujenzi na vichochoro vya ploti za hamsini kwa mia. Wengi wetu tunaoishi hapa tulikuja kutoka kwingine, tukanunua, na tunazo hati za kumiliki ardhi tulizozifungia kabatini. Ni wachache wetu wanaojua kwamba kipande hiki cha nchi kiliwahi kuandikwa, kwa mipaka yake ya mito, katika mkataba baina ya serikali na wenyeji wake.

Mkataba huo ni ule wa Agosti 1904, uliofungwa kati ya Sir Donald Stewart, aliyekuwa Kamishna wa Himaya ya Afrika ya Mashariki, na viongozi wa Wamaasai wakiongozwa na laiboni Olonana, ambaye Waingereza walimwandika Lenana. Kwa mkataba huo Wamaasai waliondoka katika Bonde la Ufa, karibu na Naivasha, wakapewa maeneo mawili: moja kaskazini, Laikipia, na jingine kusini. Kisha kikaongezwa kifungu kisemacho kwamba Lenana, akiwa laiboni mkuu, pamoja na watakaomrithi, wataruhusiwa kukaa katika ardhi iliyo kati ya mto Mbagathi na mto Kiserian, kuanzia mlima wa Ngong hadi mahali mito hiyo miwili inapokutana. Zikatolewa sehemu za Wazungu watatu waliokuwa wamekwisha kukaa humo, yaani Oulton, McQueen na Paterson. Mwandishi wa makala haya anaishi baina ya mito hiyo miwili.

Sikusudii kufufua hapa kesi ya ardhi ya mtu yeyote. Swali ninalotaka kulijadili ni la kimaadili, nalo linatuhusu sisi ambao kazi yetu ni kusoma na kuhakiki matini. Mtu akipeleka dai lake mbele ya sheria, akashindwa, na kushindwa kwake kukachapwa na kuhifadhiwa kwa zaidi ya miaka mia moja, je, kuhifadhiwa huko kumemtendea haki, au kumemdhulumu mara ya pili? Na msomaji anadaiwa nini na mtu ambaye jina lake limo kitabuni na sauti yake haimo?

Huyu McQueen aliyetajwa katika mkataba alitoka Uskoti, na itatufaa kwanza kutupa macho huko kwao, kwa kuwa ni nchi iliyojua sana thamani ya kuchapa malalamiko. Katika karne ya 18, mahakama kuu ya madai ya Edinburgh iliendesha shughuli zake kwa maandishi kuliko kwa maneno ya mdomo. Hoja za kila upande, majibu yake, na arzuhali za kuomba hukumu iangaliwe upya, zilipigwa chapa ili kila jaji apate nakala yake. Mawakili walizikusanya, wakazijalidi, na hadi leo maelfu ya majalada hayo yamo katika maktaba za wanasheria mjini humo. Mabwana wakubwa wa Uskoti wamo humo kwa wingi: huyu anadai urithi wa mashamba, yule anampinga jirani yake kuhusu mpaka, mwingine anapigania cheo. Mashuhuri kupita zote ni kesi ya ukoo wa Douglas, ambamo kijana Archibald Douglas alipingwa na upande wa Mtawala wa Hamilton kwa madai kwamba hakuwa mtoto halisi wa mama aliyesemekana kumzaa. Majaji wa Edinburgh waliamua dhidi yake mwaka 1767, wanane kwa saba, na Bunge la Mabwana mjini London likaitangua hukumu hiyo mwaka 1769. Hoja zilizochapwa katika kesi hiyo ni vitabu kwa uzito wake.

Mtu asidhani kwamba katika kurasa hizo tunamsikia bwana mwenyewe akinena. Arzuhali iliandikwa na wakili, kwa mtindo wa mawakili, na unyenyekevu wake ni wa desturi tu: mtu mwenye mashamba ya kutembea kutwa nzima anajiita mnyonge mbele ya majaji ambao huenda alikula nao chakula cha jioni wiki iliyopita. Hata hivyo bwana huyo aliweza kuisoma arzuhali yake kabla haijapelekwa, na kumlipa mwandishi wake. Aliweza kusema, 'Hapa hukusema nilivyotaka, rekebisha.' Mamlaka hayo madogo ya kurekebisha ndiyo ninayotaka msomaji ayatie moyoni, maana yatatusaidia mbele.

Na si mabwana peke yao. Mmoja wao, Sir John Wedderburn, alijikuta akishtakiwa na mtu aliyemhesabu kuwa mali yake. Joseph Knight alizaliwa Afrika, akauzwa Jamaica, akaletwa Uskoti na Wedderburn, na alipotaka kuondoka akakataliwa. Alishindwa mbele ya mahakimu wa mwanzo, akashinda katika ngazi ya pili, na mwaka 1778 mahakama kuu ikakubali kwamba sheria ya Uskoti haikutambua utumwa. Hoja zilizotungwa na mawakili wake zilichapwa na zipo. Knight mwenyewe anatoweka katika kumbukumbu baada ya ushindi huo. Lakini kesi yake ilisikilizwa: swali aliloliuliza ndilo lililojibiwa.

Sasa turudi nyumbani. Mkataba wa 1904 ulisema ungedumu maadamu Wamaasai wapo kama watu. Haukudumu miaka saba. Lenana alifariki Machi 1911, na tarehe 4 Aprili mwaka huo huo mkataba wa pili ulitiwa alama, chini ya Gavana Percy Girouard, wa kuwahamisha Wamaasai wa Laikipia kwenda kusini ili nchi yao ya kaskazini ipewe walowezi. Baadhi ya Wamaasai wa kaskazini walikataa. Walimpata wakili, Alexander Morrison, na mwaka 1912 wakafungua kesi katika Mahakama Kuu ya Himaya. Walidai kwamba mkataba wa 1911 haukuwafunga kwa kuwa waliouafiki hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga wenzao, kwamba ule wa 1904 ulikuwa bado hai, na kwamba walistahili fidia kwa mifugo waliyoipoteza katika kuhamishwa. Mdai wa kwanza aliandikwa kwa jina la Ol le Njogo, pamoja na wenzake saba. Nyuma yao alikuwapo kiongozi wa Wapurko, Parsaloi Ole Gilisho, ambaye nyaraka za serikali zinamwita Legalishu.

Tarehe 26 Mei 1913 kesi ikatupwa. Mwezi Desemba mwaka huo rufaa nayo ikakataliwa. Sababu yake inafaa kutazamwa polepole, kwa maana ndani yake kuna mzaha mchungu ambao mtunzi wa tamthilia angeuonea wivu. Mahakama ilisema kwamba Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme wa Uingereza. Walikuwa watu wa nchi ya kigeni iliyo chini ya ulinzi wake, na kwa hiyo walichotiliana naye kilikuwa mapatano baina ya mamlaka mbili, mfano wa yale ambayo dola moja hufunga na dola nyingine. Mapatano ya namna hiyo yakivunjwa, mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuyachungulia. Basi Wamaasai walipandishwa hadhi wakawa taifa lenye mamlaka yake, kwa muda wa kutosha tu kuwafungia mlango. Siku ya kuhamishwa Laikipia hakuna aliyewahesabu kuwa taifa.

Kwa kuwa kesi ilikatwa kwenye swali hilo la mwanzo, ushahidi haukusikilizwa. Hakuna mzee aliyesimama kueleza alivyofahamu mkataba wa 1904, wala aliyeulizwa nani alimtuma nani kuweka alama 1911, wala ng'ombe wangapi walikufa njiani. Hukumu zikachapwa katika ripoti za sheria za Afrika ya Mashariki, na tangu hapo hazijakosa wasomaji. Y. P. Ghai na J. P. W. B. McAuslan waliichambua kesi hiyo katika kitabu chao cha 1970 kuhusu sheria na siasa za Kenya, na wanafunzi wa sheria wamekuwa wakikariri jina la Ole Njogo kizazi hadi kizazi. Kwa kipimo cha uhifadhi, basi, mdai huyu amefanikiwa kuliko mabwana wengi wa Uskoti, ambao arzuhali zao hazifunguliwi ila na mtafiti na vumbi.

Lakini kilichohifadhiwa ni nini? Tuanze na jina. Mwanahistoria Lotte Hughes, aliyeandika kitabu kizima kuhusu uhamisho huu mwaka 2006, anaeleza kwamba mdai wa kwanza aliitwa Murket Ole Nchoko. 'Njogo' ni sikio la karani. Bwana wa Uskoti angemrudishia mpiga chapa karatasi yake kwa kosa dogo kuliko hilo. Ole Nchoko hakuwa na pa kuirudishia, na kosa likawa ndilo jina lake katika sheria. Leo ukitaka kuipata kesi yake huna budi kumwita kwa jina lisilo lake. Baada ya jina, kurasa zinazofuata ni hoja za mawakili na fikra za majaji: kipi ni kitendo cha dola, ipi ni himaya, nani ni mgeni. Ni kitabu kinachomhusu mtu ambaye hakuna hata sentensi moja ndani yake aliyoisema yeye.

Sauti moja ya Mmaasai hata hivyo iliingia katika maandishi ya serikali kwa nguvu, nayo ni ya Lenana. Maafisa waliripoti kwamba alipokuwa akikata roho aliwausia watu wake waitii serikali na kwamba wale wa kaskazini wahamie kusini. Sina haja ya kubishana hapa kama aliyasema maneno hayo au hakuyasema. Ninachotaka kukionyesha ni utaratibu wa uteuzi. Wosia wa mtu mmoja, uliosemwa kitandani kwa lugha yake na kubebwa na waliotaka hasa kuusikia, ulipata nafasi katika karatasi. Maneno ya wadai wanane, waliokuwa hai, wazima, tayari kuapa mahakamani, hayakuipata. Jina la Lenana limewekwa kwenye shule, kwenye barabara ya Nairobi na kwenye kilele cha Mlima Kenya. Sijaona barabara ya Ole Nchoko, hata hapa Rongai.

Kuna jambo jingine ambalo jarida kama hili haliwezi kulipita kimya. Mkataba wa 1904 unaorodhesha wakalimani wake. C. W. Hobley, afisa wa serikali, ameandikwa kuwa mkalimani wa Kiswahili, na wengine baada yake wa Kimaasai. Maana yake ni kwamba maneno yalitoka katika Kiingereza yakaingia Kiswahili, yakatoka humo yakaingia Kimaa, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo. Lugha yetu ilikuwapo mezani. Ilikuwa ndiyo meza yenyewe. Kilichochapwa ni Kiingereza peke yake, na Kiswahili kilichobeba ahadi ile hakikuwekwa. Nimejaribu mara kadhaa kujifikiria ahadi ya kudumu 'maadamu Wamaasai wapo' ikipita katika Kiswahili cha makambi cha wakati ule, na kumfikia mzee ambaye kwake ahadi ya ardhi ilikuwa kiapo cha majani na damu. Tumezoea kuisifu lugha yetu kuwa ilitupatanisha sisi kwa sisi, na sifa hiyo ni ya haki. Ila lugha ya kupatanisha ndiyo pia lugha ya kunyang'anya pale mkono ulioshika kalamu unapokuwa mmoja, na wanaisimu wetu wamekuwa wepesi zaidi wa kuandika juu ya habari ya kwanza kuliko ya pili.

Hata marafiki wa Wamaasai waliwasemea. Daktari wa serikali Norman Leys, aliyesomea Glasgow, aliandikia watu wenye ushawishi Uingereza kuhusu uhamisho huu, akahamishiwa Nyasaland, na mwaka 1924 akatoa kitabu chake kuhusu Kenya. Ushujaa wake haupingiki. Lakini nacho ni kitabu cha Mwingereza anayewakanya Waingereza. Iliwapasa Wamaasai kungoja Tume ya Ardhi ya Kenya, ambayo ushahidi wake ulichapwa katika majalada matatu mwaka 1934, ndipo maneno yao kuhusu ardhi yapigwe chapa kwa wingi, na hapo pia ni baada ya kupita katika ulimi wa mkalimani.

Nimefika kwenye tukio lililonifanya niandike makala haya. Miaka michache iliyopita nilimpa mwanafunzi wangu mmoja kazi ya kutunga onyesho fupi kutokana na kumbukumbu yoyote ya kisheria. Alichagua kesi hii. Akatunga onyesho zuri kwelikweli: Ole Nchoko anasimama Mombasa mbele ya jaji, anakataa kiti, na kwa ukurasa mmoja na nusu anawaambia wakoloni kila kitu ambacho sisi tungependa waambiwe. Darasa lilipiga makofi. Nami nilimpa alama za juu, kisha nikalala vibaya. Hotuba ile haikutolewa, na haikutolewa kwa sababu mahakama ilikataa isitolewe. Mwanafunzi wangu, kwa mapenzi yake mema, alikuwa amelifuta lile tendo lenyewe la dhuluma. Mtazamaji angetoka ukumbini akiamini kwamba Ole Nchoko alisikilizwa, hata kama hakukubaliwa.

Nilipomweleza wasiwasi wangu alinijibu kwa hoja ambayo hadi leo sijaimaliza. 'Mwalimu,' alisema, 'mahakama ilisema haina uwezo wa kumsikiliza. Na wewe sasa unasema fasihi haina uwezo wa kumsemesha. Tofauti iko wapi?' Akanitajia Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Akanitajia Kimathi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, ambaye tulimsoma kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi.

Mifano yote miwili ni mizito, nami nitaitazama kwa kinyume. Hussein, katika utangulizi wa tamthilia yake ya 1969, anamtahadharisha msomaji kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, asimchukue kuwa ndiye yule wa historia. Amemtunga, na amekiri kwamba amemtunga. Mzalendo Kimathi ni habari tofauti. Ilipoandikwa, mwaka 1976, maandishi ya kesi ya Dedan Kimathi ya 1956 hayakuwa mikononi mwa umma. Waandishi walimpa Kimathi maneno ya mtu asiyetetereka, na vizazi vya wanafunzi wakayashika kuwa ndiyo maneno yake. Kisha kumbukumbu za mahakama zikapatikana, na Julie MacArthur akazihariri na kuzitoa kitabuni mwaka 2017. Kimathi anayesema humo anajitetea kwamba alikuwa njiani kujisalimisha alipopigwa risasi. Ni mtu aliyejeruhiwa, mbele yake kuna kitanzi, anayetafuta mlango katika sheria ileile iliyoandaliwa kumwua. Wapo waliosononeka kwa kugundua hivyo, kana kwamba amewasaliti. Mimi naona kwamba sisi ndio tuliomsaliti kwa kumtaka afe kama tulivyomwandikia. Hofu yake na werevu wake vilikuwa vyake. Tulipomjaza sauti yetu hatukuacha nafasi ya kukaa ile ya kwake itakapopatikana.

Huo ndio mstari ninaojaribu kuupiga. Kumtungia mtu wa kale hotuba si dhambi. Bila hiyo tusingekuwa na tamthilia za kihistoria. Dhambi ni kuziba pengo hata lisijulikane kuwa lilikuwapo. Kimya cha Ole Nchoko katika ripoti za sheria hakifanani na kimya cha mtu asiye na la kusema. Ni kimya kilichotengenezwa, kina tarehe, kina majaji, kina sababu zilizoandikwa. Mhakiki anayekijaza harakaharaka anawasaidia waliokitengeneza kuficha kazi yao. Mhakiki anayekiacha kama kilivyo na kupita zake naye ni karani wao. Kwa maoni yangu kazi yetu ni kukisoma kimya hicho kama tunavyosoma beti: kimewekwa wapi, kinakatiza nini, nani alifaidika nacho. Mwanafunzi wangu aliona jibu hili ni la mtu mwenye mshahara. Huenda.

Kwa sababu kuna upande mwingine, nao unaniuma. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti yake Mei 2013, miaka mia kamili baada ya hukumu ile. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 67, imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kale kuhusu ardhi. Vyombo hivi vyote vinauliza swali moja: ushahidi uko wapi? Na Agosti 2004, Wamaasai walipoandamana kukumbuka miaka mia ya mkataba wa kwanza wakiwa na arzuhali mpya mkononi, majibu ya serikali yalikuwa ya kisheria. Mtu ambaye babu yake hakuruhusiwa kutoa ushahidi anaambiwa leo alete ushahidi. Mbele ya swali kama hilo, kuhubiri uzuri wa kusoma pengo kunaweza kuwa starehe ya chuo kikuu. Ninalijua hilo, na bado sioni kwamba hotuba ya kubuni ingemsaidia mtu huyo mbele ya tume.

Nilimpelekea mambo haya mzee mmoja Mmaasai, jirani yangu upande wa kuteremkia Kiserian, ambaye ng'ombe wake bado hupita asubuhi kati ya mageti ya nyumba zetu. Nilikuwa na nakala za kurasa za hukumu, na onyesho la mwanafunzi wangu, na maswali yangu kuhusu sauti. Nilimsomea hotuba ile kwa Kiswahili. Alisikiliza kwa adabu, akasema kijana huyo amefunzwa vizuri. Kuhusu jina, alirudia 'Njogo' mara mbili kwa mdomo wa kujaribu, kama mtu anayeonja maziwa yaliyoharibika, akaniachia. Nikamwuliza yeye angependa mzee yule awe alisema nini. Akaniuliza kama karatasi zile zinataja mito.

Nilimwambia kwamba hukumu ya 1913 ilikuwa inahusu zaidi Laikipia, lakini mkataba wa 1904 unaitaja, Mbagathi na Kiserian, kwa majina. Akaniomba nimsomee hapo. Nilimsomea kifungu kile kwa kukitafsiri, nami nikajikuta, kwa mara ya kwanza, nimekaa katika kiti cha Hobley, nikichagua neno la 'kuruhusiwa' na kujiuliza kama nimelipatia. Alinikatiza. Alitaka kujua kama imeandikwa 'watakaomrithi'. Nikamwambia imeandikwa. Akanyamaza kidogo, akaangalia upande wa mtoni, ambako siku hizi huoni mto ila paa za mabati na tangi za maji.

Hotuba ya mwanafunzi hakuitaka. Hukumu hakuitaka pia. Alitaka ukurasa ule mmoja wenye mito. Tulikwenda pamoja hadi stejini, kwenye duka la fotokopi, nikamtolea nakala mbili kwa sababu moja ilikuwa imefifia upande mmoja. Akamwuliza yule msichana wa duka kama anaweza kuipaka plastiki ili mvua isiiharibu.